Namba Moja ya Mwenye Ploti

Kitengela,
Jumamosi asubuhi

Mama mpendwa,

Naanza na goti lako, kwa sababu Nafula aliniambia kwa simu kwamba linakusumbua tangu mvua zianze na kwamba umekataza mtu yeyote asilitaje. Mimi nalitaja kwa karatasi, mahali ambapo huwezi kunikatiza. Je, bado unateremka mwenyewe hadi mtoni? Ng'ombe mwekundu amezaa ama bado? Na ile dawa ya macho iliisha? Nijibu yote moja baada ya jingine, kama ulivyotufundisha. Mimi ni mzima. Kikohozi cha vumbi la malori kimeniacha, na ninakula vizuri, hata kama hutaamini.

Kazi inaendelea. Mara mbili kwa wiki naenda Kajiado mjini, kortini na kwenye soko la mifugo, na siku zingine naandikia hapa nyumbani. Lakini habari ninayotaka kukupa leo haikuchapishwa popote, ingawa niliifuatilia kwa bidii kuliko nyingi zilizochapishwa. Ni habari ya hii ploti ninayokaa.

Ploti ina milango kumi na miwili na ni ya mjane mmoja wa kutoka Murang'a, Mama Wanjiru, anayeishi mlango wa kwanza, karibu na geti. Mimi niko mlango wa sita. Mlango wa tisa anakaa msichana wa Kimaasai, Simaloi, ambaye kwao ni Oltepesi, kwenye barabara ya Magadi. Kazi yake ni kusikiliza sauti zilizorekodiwa, mikutano na mahojiano ya watu wa nchi za mbali, na kuzipiga chapa neno kwa neno. Akimaliza anazituma kwa mtandao kabla ya saa aliyopewa. Akichelewa mara tatu, wanampa mtu mwingine kazi hiyo. Alipohamia hapa alikuwa hajawahi kuchelewa. Kufikia mwezi uliopita alikuwa amechelewa mara mbili.

Sababu ni kwamba mtandao wa ploti ulikuwa unakufa. Si kila saa. Unakufa jioni, unakaa hivyo nusu saa au zaidi, kisha unafufuka wenyewe. Fundi wa kampuni aliitwa mara mbili, akaja asubuhi mara mbili, akakuta kila kitu kiko sawa, akaenda zake. Watu wa ploti wakaanza kutafuta mchawi. Mlango wa nne kuna Baba Kelvin, mwalimu wa kuendesha magari, na yeye ndiye aliyeandika kwa grupu ya ploti kwenye simu: "Kuna mtu mmoja anakula neti yote na tunamjua. Anashinda kwa kompyuta kutoka asubuhi." Wengine wakaitikia. Hakuna aliyetaja jina, lakini mlango wa tisa ndio pekee wenye kompyuta inayowaka kutwa. Tena tatizo lilianza mwezi uleule Simaloi alipohamia.

Mama Wanjiru hakusema kitu kwa grupu. Alimwandikia Simaloi barua kwa mkono, sentensi mbili, kwamba ahame kabla ya mwezi kuisha.

Nilimkuta Simaloi kwa kamba ya nguo ameishika hiyo barua.

"Takwenya, Simaloi," nikamsalimia kwa Kimaasai.

"Iko," akajibu, halafu akanipa karatasi. "Mzee wa magazeti, wewe unasoma barua nyingi. Hii ina maana nyingine?"

Nikamwambia haina.

"Nikirudi Oltepesi, neti ni ya kupanda kilima na kuinua simu juu kama mtu anaomba mvua," alisema. "Huwezi kupokea rekodi yenye urefu wa saa mbili ukiwa kilimani. Kazi imeisha, basi." Aliyasema bila kulia, kama mtu anayesoma ratiba. Akaendelea kuanika.

Sikumwahidi chochote. Sikuwa najua kama ana makosa au hana. Nilichojua ni kwamba hakuna mtu aliyeandika saa. Watu wa ploti nzima walikuwa na hasira, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na saa. Nikachukua kidaftari kipya.

Niliandika siku kumi na moja. Kila mtandao ulipokufa niliandika dakika, na uliporudi pia. Kwa siku tisa kati ya hizo ulikufa karibu na saa kumi jioni, dakika chache huku au huku. Jumapili ulikufa mara mbili. Siku moja, Jumatano, haukufa kabisa. Na Jumanne kabla ya hiyo Jumatano Simaloi hakuwepo. Alikwenda Oltepesi kumwona mama yake, akafunga mlango na kuondoka na kompyuta yake begani, na mtandao ulikufa saa kumi kasoro dakika nne kama kawaida.

Nikampelekea hesabu hiyo Mzee Mutiso, msimamizi wa ploti. Ni Mkamba wa makamo, alikuwa askari wa geti miaka mingi kabla ya Mama Wanjiru kumpa kazi hii, na ana daftari la kila kitu: maji, funguo, taa zilizoungua.

"Alikuwa Oltepesi," nilimwambia.

"Aliacha mashine ikiwaka."

"Aliibeba. Nilimwona na wewe ulimfungulia geti."

Akafungua daftari lake, akatazama ukurasa wa wanaotoka na wanaoingia, akalifunga. "Basi aliacha kitu kingine," akasema.

Hapo nikaanza kuuliza swali tofauti: saa kumi kuna nini? Gari la shule linarudisha watoto saa tisa na nusu, kwa hivyo si hilo. Mwenye maziwa anakuja saa kumi na moja. Pampu ya maji inawashwa saa kumi, na hiyo nilidhani nimeipata; nikamwomba Mutiso siku mbili aiwashe saa nane. Mtandao haukujali. Ulikufa saa kumi vilevile. Nikabaki na ile Jumatano moja ambayo haukufa. Nikamuuliza Mutiso nani na nani walitoka siku hiyo. Alisoma kutoka daftari: mlango wa pili alikwenda kliniki, mlango wa saba kazini, na Mama Wanjiru, ambaye kwa kawaida saa kumi yuko ndani, alikwenda Kiserian sokoni kununua mbuzi, akarudi saa moja jioni.

Alhamisi iliyofuata, saa kumi kasoro robo, nilibisha mlango wa kwanza nikiwa na mkate.

Mama Wanjiru alinikaribisha chai. Mbele yake kulikuwa na televisheni na chini yake kijisanduku cheusi cha kuchezea video, ambacho binti yake Wanjiru alimtumia kutoka ng'ambo kupitia kwa mkwe. Kina diski ndani, na kwenye diski kuna jambo moja tu: ruracio ya Wanjiru, siku wakwe walipoleta mahari, imepigwa picha kutoka kuingia getini hadi vyombo kuoshwa. Mama Wanjiru huitazama kila siku na chai ya saa kumi. Jumapili huitazama mara mbili.

Aliwasha. Nikatazama simu yangu mapajani. Mtandao ukakatika.

"Huyo wa koti ya kijani, unamwona?" akaniambia. "Alikula mbavu peke yake. Sasa hivi ukimuuliza njia ya kuja kwangu, hajui."

"Mama Wanjiru, naomba uzime kidogo."

"Nizime na ndio wanakata mbuzi?"

"Dakika mbili tu."

Alizima. Mtandao ukarudi. Nikamwomba awashe, ukakatika. Nikamwomba azime tena, ukarudi. Mara ya tatu aliweka rimoti chini akanitazama kama alivyomtazama yule wa koti ya kijani.

"Wewe ulikuja kunywa chai ama kunihoji?"

"Kukuhoji," nikamwambia, "lakini chai pia ni nzuri."

Sasa Mama, hapa nahitaji dakika yako, na utaelewa kuliko wengi kwa sababu ulikaa dirishani pale posta miaka mingi. Kila simu na kila kompyuta ikiwa ndani ya mtandao inapewa namba, kama sanduku la posta. Sehemu ya mbele ya namba ni ya ploti nzima, kama jina la mji kwenye bahasha. Sehemu ya mwisho ni ya kifaa chenyewe. Kuna mashine moja ndogo chini ya ngazi ya tangi, inaitwa rauta. Hiyo ndiyo posta: kila kinachotoka na kinachoingia kinapitia kwake, na yenyewe pia ina namba. Na kwa kuwa watu wanakumbuka majina na kusahau namba, lazima awepo karani wa kuulizwa. Simu inamwambia, namtafuta fulani. Anajibu, fulani yuko namba hii. Mafundi wanamwita DNS. Ndiyo kazi uliyokuwa ukifanya kichwani mtu alipokuja na jina tu. Kwetu hapa rauta inafanya kazi zote mbili, ya posta na ya karani.

Kwa kawaida rauta inagawa namba yenyewe. Lakini kulikuwa na vijana, wapangaji waliohama, waliozoea kuja kukaa nje ya ukuta wetu na simu zao. Mutiso akamwomba fundi amwonyeshe jinsi ya kuandika namba kwa mkono, rauta iache kugawa, ili asiyeandikiwa asiingie. Alijifunza vizuri. Mlango wa sita akaupa sita, mlango wa tisa akaupa tisa. Simu ya pili ya nyumba anaongeza mia, kwa hivyo yangu ya kazini ni mia moja na sita. Yote yako kwenye daftari, kwa wino mwekundu. Ni mpangilio safi sana na sikuona kosa ndani yake.

Nikamwita Mutiso, nikamwita na Simaloi kwa sababu macho yake ni makali kuliko yangu, tukafungua mipangilio ya lile sanduku jeusi kwenye televisheni. Kulikuwa na mistari mitatu. Simaloi akaisoma kwa sauti. Namba ya sanduku inaishia na moja. Njia ya kutokea, moja. Karani wa majina, moja.

"Namba ya rauta ni ngapi?" nikamuuliza Mutiso.

Hakufungua daftari. "Moja," akasema.

 Sanduku la Mama Wanjiru lilikuwa limepewa namba ya posta. Likiwashwa tu, barua za milango yote kumi na miwili zinachanganyika, nusu zinakwenda kwa rauta, nusu zinakwenda kwa mbuzi wa ruracio. Na lenyewe likitaka kuuliza jina, linajiuliza lenyewe. Mama Wanjiru hakugundua kitu kwa sababu ruracio iko ndani ya diski, haihitaji mtandao. Mtu pekee kwenye ploti asiyetumia mtandao huo, maana hata simu yake hutumia bando ya laini, ndiye aliyekuwa anauzima. Na sanduku lilikuja mwezi uleule Simaloi alipohamia.

"Mzee Mutiso," nikasema, "kwa nini moja?"

"Mlango wa kwanza ni wa nani?" akanijibu. "Yule fundi alinionyesha pa kuandika. Hakuniambia namba moja haiwezi kuwa ya wawili. Na hata angeniambia. Wewe ungemwambia mwenye ploti yeye ni kumi na tatu?"

Nilifikiria swali lake kwa haki na nikaona nisingemwambia.

Simaloi alisema tubadilishe tu sanduku, tulipe kumi na tatu, ni kazi ya dakika moja. Mama Wanjiru alikuwa akifuata mazungumzo kwa macho muda wote. Sasa akauliza, "Kumi na tatu ni mlango gani?"

"Hakuna mlango huo," Simaloi akasema.

"Kwa hivyo mimi nitakuwa mtu asiye na mlango, kwa ploti niliyonunua nikiuza viazi."

"Ni namba tu, Mama."

"Kama ni namba tu, hiyo rauta iende kumi na tatu."

Mutiso alikohoa. Nikadhani Simaloi atacheka, na nadhani alikaribia. Badala yake akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kwa kweli inawezekana. Rauta inaweza kupewa namba ya mwisho kabisa, mia mbili hamsini na nne, mafundi wengi wanaiweka huko. Shida ni kwamba kila simu na kila kompyuta kwenye ploti imeandikwa kwa mkono kwamba njia ni moja na karani ni moja. Lazima mtu apite mlango kwa mlango kubadilisha.

"Si tuache rauta igawe yenyewe?" akauliza.

"Na wale wa ukutani?" akasema Mutiso.

Basi ikawa ni mlango kwa mlango. Tulibadilisha rauta, na papo hapo ploti nzima ikakosa mtandao kabisa, na watu wakatoka nje na simu mikononi. Mutiso alishika daftari. Mimi nilijaribu simu mbili nikachukua muda mrefu, vidole vyangu havina subira na vitufe vidogo. Kwa hivyo aliyeifanya kazi ni Simaloi. Mlango wa pili, wa tatu, kisha wa nne. Pale kwa Baba Kelvin alisimama kizingitini akanyoosha mkono. Baba Kelvin alitazama mkono, akamtazama Mutiso nyuma yake na daftari, akampa simu. Akaingia ndani akaleta ya mkewe. Akarudi akaleta tableti ya Kelvin.

"Na ile ya kazi?" akauliza Simaloi.

"Iko kwa gari."

"Ilete."

Alikwenda akaileta.

Mwisho tulirudi mlango wa kwanza. Sanduku sasa lilikuwa namba moja kihalali, lakini bado lilikuwa linajiuliza lenyewe majina. Simaloi alibadilisha mistari miwili, wa njia na wa karani, ikawa mia mbili hamsini na nne. Alipojaribu, kioo kilijaa picha za filamu na mahubiri na wapishi kutoka kila pembe ya dunia, kwa mara ya kwanza tangu sanduku lifike. Mama Wanjiru alizitazama kwa heshima kidogo.

"Na ruracio iko wapi?"

"Bado iko, Mama. Bonyeza hapa."

Akabonyeza, akaipata, akatulia. Mtandao haukukatika. Nilisimama pale dakika kumi kamili na saa mkononi ili niwe na uhakika.

Ndipo Mama Wanjiru akasema, akiwa bado anatazama televisheni, "Ile karatasi niliyokupa, nirudishie. Nyuma yake niliandika namba ya fundi wa tangi."

Nilikuwa nimeisoma ile barua pande zote mbili. Nyuma hakukuwa na kitu. Simaloi naye alijua. Kwa watu wengi hapo ndipo jambo lingeishia, Mama, na mimi nilikuwa tayari kufunga kidaftari. Lakini yeye hakuondoka.

"Nitairudisha," akasema. "Lakini kuna kitu naomba. Kwa grupu niliitwa mwizi. Siwezi kusafishwa hapa sebuleni."

"Hakuna aliyetaja jina lako," akasema Mama Wanjiru.

"Ndiyo. Sasa naomba litajwe."

 Kwenye televisheni mtu alikuwa anagawa soda. Mutiso alianza kuchunguza balbu. Nami niliona, kwa mara ya kwanza siku hiyo, kwamba kazi yote ya namba na saa ilikuwa sehemu iliyo rahisi. Mwanamke huyu ni mwenye ploti, mzee wa kanisa, mama mkwe wa watu, na alikuwa anaombwa na mpangaji wa mlango wa tisa akiri mbele ya milango kumi na miwili. Anaweza kukataa na hakuna mtu atakayemfanya kitu.

Alivaa miwani. Akatafuta simu kwenye mto wa kiti. Mambo ya kuandika kwa simu hayawezi, kwa hivyo alibonyeza kinasa sauti akakileta karibu sana na mdomo, na sisi watatu tukasimama tukisikiliza, na sekunde chache baadaye tukaisikia tena ikichezwa kwenye veranda, mlango baada ya mlango:

"Watu wa ploti, ni Mama Wanjiru. Simaloi wa mlango wa tisa hana makosa. Hakuwa nayo hata siku moja. Makosa ni ya sanduku. Na mtu asiniulize sanduku ni la nani."

Simaloi alikwenda mlangoni kwake akarudi na barua, akaiweka mezani kwa mikono miwili, akarudi kazini. Alikuwa na faili ya kutuma kabla ya saa moja jioni. Aliituma saa kumi na mbili na dakika arobaini. Nilimuuliza, nikaandika.

Ndio hayo, Mama. Msalimie Nafula na mumewe, mwambie shemeji viatu vya mvua nimevipata, saizi tisa. Msalimie mjomba Wekesa na umwambie sijasahau ile hati ya shamba, naifuatilia. Yule jirani anayekukamulia ng'ombe mpe shukrani zangu mwenyewe, si kupitia kwa mtoto. Na shangazi wa Kimilili, ukimwona kanisani, mwambie nimesikia alichosema kuhusu mimi na kwamba ni kweli nusu.

Lipake goti dawa hata kama unalikataza kutajwa.

Ni mimi mwanao, niliye mbali lakini nasoma kila unachoandika,

Barasa